Damu ya karibu, damu ya mbali: shajara ya gemu yangu ya kuzalisha farasi wa mbio

6 Januari

Gemu imeanza kwenda. Bado ni maandishi matupu kwenye skrini, hakuna picha ya farasi wala uwanja, lakini dunia yake ipo: madume 12, majike 120, msimu mmoja wa kupandisha kwa mwaka, na watoto wanaoingia mbioni wakiwa na miaka miwili.

Wazo lilitoka kwenye gemu za Kijapani. Derby Stallion ilitoka 1991, Winning Post ikafuata 1993, na kwa wachezaji wengi wa kule ndizo zilizowafundisha kusoma nasaba ya farasi kama shabiki wa soka anavyousoma msimamo wa ligi. Mashabiki hao wana fomula wanayoipenda kuliko zote: 3×4. Maana yake babu mmoja anatokea kizazi cha tatu upande mmoja wa wazazi, na kizazi cha nne upande wa pili. Wa kizazi cha tatu anachangia sehemu moja ya nane ya damu, wa kizazi cha nne sehemu moja ya kumi na sita, jumla asilimia 18.75. Wajapani huiita damu ya miujiza. Kwenye gemu, mtoto wa namna hiyo anaweza kupata nyongeza ya kasi, na anaweza pia kuzaliwa na afya dhaifu.

Nazipenda gemu hizo. Yangu lakini nataka iende njia nyingine: isiwe na zawadi wala adhabu iliyoandikwa kwa mkono. Sitaki mstari wa msimbo unaosema kwamba ndugu wakipandishwa, afya ipungue pointi kumi. Nataka jeni zigawanywe kama zinavyogawanywa kwa mnyama mwenyewe, kisha kasi, udhaifu na mikosi vijitokeze vyenyewe. Mchezaji akiuliza kwa nini mtoto huyu hakufaa, jibu liwe ndani ya mtoto, lisiwe kwenye kanuni niliyoibandika mimi.

Kwenye shajara hii, damu ya karibu ni kupandisha farasi wawili wenye babu au bibi wa pamoja ndani ya vizazi vinne au vitano. Damu ya mbali ni pale wasipokuwa naye.

14 Januari

Kazi ya leo ilikuwa kipimo. Sewall Wright, mwanasayansi wa Marekani, alikiweka mwaka 1922, na hadi leo wafugaji wanakitumia: F, yaani uwezekano kwamba nakala mbili za jeni moja alizonazo mnyama zimetoka kwa mzee mmoja yule yule. Kukitafuta hakuhitaji hesabu ngumu. Anza kwa baba, panda mpaka kwa mzee wa pamoja, shuka upande wa pili mpaka kwa mama, hesabu wanyama wote uliowapitia. Nusu ijizidishe mara hizo. Njia zikiwa nyingi, zijumlishe. Mnyama mmoja asipitiwe mara mbili katika njia moja. Mzee mwenyewe akiwa amezaliwa kwa damu ya karibu, njia yake inaongezewa uzito kidogo.

Farasi wa majaribio nilimchagua Frankel, aliyekimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012 na kushinda mara zote 14. Baba yake ni Galileo, mama yake ni Kind. Wengi wanamjua kama 3×4 kwa Northern Dancer, na njia ni hii: Galileo, Sadler's Wells, Northern Dancer, Danzig, Danehill, Kind. Wanyama sita, kwa hiyo 1/64, asilimia 1.56.

Programu haikukubaliana na hesabu hiyo. Kwa vizazi vitano ilileta 2.15. Nikaiamuru ichapishe kila njia iliyoiona, na hapo ndipo uzuri wa nasaba hii ulipojitokeza. Njia ya pili inapita kwa Natalma, mama yake Northern Dancer. Danehill alimpata Natalma pande zote mbili: kwa baba yake kupitia Northern Dancer, na kwa mama yake Razyana, ambaye alizaliwa na Spring Adieu, binti mwingine wa Natalma. Basi kutoka Galileo unapanda hadi Natalma, unashuka kwa Spring Adieu, Razyana, Danehill, Kind. Wanyama wanane, 1/256, asilimia 0.39. Njia ya tatu inapita kwa Buckpasser, baba wa Spring Adieu, ambaye upande wa Galileo anatokea kupitia Urban Sea, Miswaki na Hopespringseternal. Wanyama tisa, 1/512. Jumlisha zote tatu, unapata 2.15.

Nimekaa na karatasi nikizifuata njia hizo moja moja kwa kalamu, na zote zimekubali. Kipimo kiko sawa. Na kimenionyesha jambo ambalo gemu yangu lazima ilionyeshe: alama kama 3×4 inamtaja mzee mmoja tu, na nyuma yake wamejificha wazee wengine, mara nyingi majike, ambao kazi yao kwenye damu hiyo haitangazwi.

15 Januari

Kanuni za dunia ya gemu, kwa ufupi. Kitabu cha nasaba kimefungwa: mtoto haandikishwi kama wazazi wote wawili hawamo. Mimba ni ya kupandisha kwa dume mwenyewe tu. Kwa farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, mbegu za kuhifadhiwa kwenye baridi hazikubaliwi popote, kwa hiyo dume akiwa Ireland na jike akiwa Kentucky, mmoja lazima asafiri.

Na tangu mwanzo mchezaji ajue kwamba hapa hakuna damu ya mbali kabisa. Kitabu cha Waingereza kilianza kuchapishwa 1791, na madume wa Thoroughbred wote ukiwafuata kwa upande wa baba unaishia kwa watatu: Byerley Turk, Godolphin Arabian na Darley Arabian, huyu wa mwisho akiwa amenunuliwa Aleppo, Syria, na kupelekwa Uingereza mwaka 1704. Utafiti wa kinasaba uliochapishwa 2001 ulikuta kwamba asilimia 95 ya nasaba za upande wa baba zinarudi kwa Darley Arabian peke yake. Kwa hiyo nikisema damu ya mbali, nasema mbali ndani ya nyumba moja.

27 Januari

Jeni zimeingia. Nimeziweka tabaka mbili.

Tabaka la kwanza ni jeni za kujumlisha, nyingi na ndogo ndogo, za kasi na za pumzi. Kila moja inaongeza kidogo au inapunguza kidogo. Nimeongeza moja kubwa iliyo peke yake, ile ya misuli inayoitwa MSTN. Mwaka 2010 watafiti wa University College Dublin wakiongozwa na Emmeline Hill walionyesha kwamba herufi moja kwenye jeni hiyo, C au T, inahusiana na umbali unaomfaa farasi: C/C mbio fupi, C/T mbio za kati, T/T mbio ndefu. Mchezaji akipandisha wawili wa C/T, robo ya watoto ni C/C, nusu C/T, robo T/T. Akikazana kuzalisha ndani ya ukoo mmoja wa mbio fupi, vizazi vichache tu T inapotea kwenye zizi lake, na kuirudisha ni lazima aende nje.

Tabaka la pili ndilo roho ya gemu. Ni jeni fichu 30, kila moja ikiwa na nakala mbovu ambayo haifanyi lolote ikiwa moja. Mtoto akiipata kwa baba na kwa mama pia, ndipo inaonekana: mfupa mwepesi, mapafu madogo, mimba isiyoshika, ukuaji wa kusuasua. Nimeanzia na asilimia 5 ya nakala zote kundini kuwa mbovu, kwa kila jeni.

Angalia hesabu yenyewe. Wazazi wasiohusiana: uwezekano wa mtoto kupata nakala mbovu mbili za jeni moja ni 0.05 mara 0.05, robo ya asilimia moja. Wazazi wakiwa na uhusiano wa 3×2, F ni asilimia 6.25, na uwezekano huo unapanda hadi 0.55, zaidi ya maradufu. Baba akipandishwa kwa binti yake F ni asilimia 25, uwezekano unafika 1.44. Kwa jeni moja hizo ni namba ndogo. Lakini ziko 30. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na angalau kasoro moja unakuwa asilimia 7 kwa damu ya mbali, 15 kwa 3×2, na 35 kwa baba na binti.

Hakuna adhabu niliyoandika. Ni sarafu zinarushwa, basi. Damu ya karibu haitengenezi ubovu wowote mpya. Inaukutanisha ubovu uliokuwa umetawanyika, na kwa nguvu ile ile inaukutanisha uzuri. Ofisa mifugo anapomwambia mfugaji wa mbuzi abadilishane dume na jirani kabla dume huyo hajawapanda binti zake, hesabu aliyonayo kichwani ni hii hii.

8 Februari

Binamu yangu amekubali kuwa mchezaji wa kwanza, na hana huruma. Alimchukua Kaskazi, dume bora wa dunia nzima, akampandisha kwa binti zake wote. Msimu baada ya msimu. Jana usiku akanitumia ujumbe: "Kaka, mbona mmoja amekuwa radi na wenzake wote wamebaki bandani?"

Ndilo swali nililokuwa nalingoja. Nikafungua jeni za yule radi, jina lake Tufani. Kwa bahati ya sarafu alikuwa amepita katikati ya mabovu yote, na jeni za kasi za Kaskazi alikuwa nazo mara mbili mbili, baba na mama wakimpa kitu kile kile. Ndugu zake wa baba, wenye nasaba ya namna ile ile, walikuwa wamekutanisha hili au lile. Mmoja alikuwa na kasi kumzidi Tufani, ila miguu haikubeba mazoezi. Hakukimbia hata siku moja.

Hapa ndipo watu wengi wanaoshabikia damu ya karibu wanapopotezwa, na si kwa ujinga. Wanawaangalia waliofika. Enable ni 3×2 kwa Sadler's Wells: baba yake Nathaniel ni mjukuu wake kupitia Galileo, na mama yake Concentric ni binti yake. Alishinda Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa za Ufaransa, 2017 na 2018. Kabla yake, mwaka 1949, mbio hizo hizo zilichukuliwa na Coronation, wa 2×2 kwa Tourbillon. Baba yake Djebel na mama yake Esmeralda wote walikuwa watoto wa Tourbillon, yaani F ya asilimia 12.5. Mwenye farasi, tajiri wa vitambaa Marcel Boussac, aliijenga himaya yake Ufaransa kwa kuzungushia damu yake mwenyewe.

Majina hayo mawili yanang'aa kweli. Lakini kwenye orodha ya washindi huwezi kumwona ndugu aliyebaki bandani. Tafiti zilizofuata farasi tangu kuzaliwa, Australia na Ulaya, zimekuta kwamba kadiri damu inavyokaribiana ndivyo uwezekano wa farasi kufika uwanjani unavyopungua. Na Coronation mwenyewe, alipostaafu na kupelekwa kuzaa, hakuacha uzao.

Nimeongeza ukurasa mpya kwenye gemu kwa ajili hii: orodha ya watoto wote wa kila ndoa, wakiwemo wasiokimbia. Upo mahali pa wazi, karibu na orodha ya washindi. Binamu amesema unamharibia raha. Nauacha.

9 Februari

Nimepunguza kasi ya umri. Majike wanazaa hadi miaka ishirini sasa, mimba ni miezi kumi na moja, mtoto mmoja kwa mwaka. Pacha nimewaacha nje.

21 Februari

Sehemu niliyokuwa naitamani tangu mwanzo: kwa nini mzazi aliyezaliwa kwa damu ya karibu anatoa watoto wanaofanana.

Mtoto anapata nusu ya jeni za baba, na ni bahati inayoamua nusu ipi. Baba mwenye nakala mbili tofauti kwenye jeni nyingi anarusha sarafu nyingi, na watoto wake wanatofautiana sana: bingwa mmoja, wa kawaida wengi, hohehahe wawili watatu. Baba aliyezaliwa ndani ya ukoo ana nakala zinazolingana kwenye jeni nyingi. Pale hana cha kurusha, anatoa kile kile kila mara. Kwa hesabu, mtawanyiko unaotokana na bahati ya mzazi unapungua kwa kiwango cha F yake: F ikiwa asilimia 25, mtawanyiko unapungua kwa robo.

Hii haikuhitaji msimbo mpya hata mstari mmoja. Nilichukua madume wawili wenye kasi sawa, mmoja wa damu ya mbali na mwingine mtoto wa ndugu kwa ndugu aliyeponea kasoro, nikawapandisha kwa majike wale wale. Wastani wa watoto ukakaribiana. Umbo la mgawanyo likatofautiana. Yule wa ndani ya ukoo watoto wake wamejikusanya katikati, wa mbali wametawanyika hadi pembeni.

Kuna mambo mawili hapa na mchezaji mzuri atayaona. La kwanza, jike aliyeshindwa uwanjani kwa sababu ya kasoro moja anaweza kuwa mama wa thamani kubwa kuliko bingwa, maana akipelekwa kwa dume wa mbali ile kasoro inafunikwa mara moja, huku jeni za kasi alizokusanyiwa zikibaki. La pili, anayemtafuta bingwa mmoja wa ajabu anataka mtawanyiko, na mtawanyiko uko kwa damu ya mbali. Anayetaka zizi la farasi wazuri wanaotabirika anataka ukoo. Hayo ni malengo mawili tofauti, na nimefurahi kuona gemu inayatenganisha yenyewe bila mimi kuiambia.

7 Machi

Leo nimeiacha dunia iende peke yake kwa vizazi vingi, bila mchezaji, wafugaji wote wakiwa kompyuta. Kila mfugaji nilimpa akili moja rahisi: nenda kwa dume aliyeshinda zaidi. Ikawa kama nilivyodhani, ila kwa kasi kuliko nilivyodhani. Madume watatu wakachukua majike wote, tisa wakakaa bure. Vizazi vichache baadaye hakukuwa na jike ambaye si mjukuu wa mmoja wa wale watatu.

Kuna fomula ya hili, na ningependa kila mfugaji wa gemu aibandike ukutani. Ukubwa halisi wa kundi kwa upande wa jeni ni mara nne ya madume kuzidisha majike, ugawe kwa jumla yao. Madume 12 na majike 120 wanakuwa sawa na kundi la 44, na F ya dunia nzima inapanda kwa asilimia 1.15 kila kizazi. Madume 3 na majike 120 wanakuwa sawa na kundi la wanyama 12 tu, na F inapanda kwa asilimia 4.3. Sasa ongeza majike mara mbili, wawe 240, madume wakibaki 3. Kundi bado ni 12! F inapanda kwa asilimia 4.2. Idadi ya majike haiwezi kuokoa kundi lenye madume wachache.

Haya si mambo ya kompyuta tu. Uchunguzi uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba damu ya Thoroughbred imekaribiana zaidi katika miongo ya karibuni, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilianza katikati ya miaka ya 1990, madume walipoanza kila mmoja kupandishwa kwa majike wengi zaidi kwa msimu. Mwaka 2020 Jockey Club ya Marekani, inayotunza kitabu cha nasaba cha huko, ilipitisha kanuni kwamba dume aliyezaliwa mwaka huo au baadaye asizidi majike 140 kwa mwaka. Wenye madume wakubwa wa Kentucky wakaenda mahakamani, na Februari 2022 kanuni ikafutwa.

Japani ndiko mfano unaonifundisha zaidi. Sunday Silence, mshindi wa Kentucky Derby ya 1989, alinunuliwa na Zenya Yoshida akapelekwa huko. Kwa majike wa Japani alikuwa damu ya mbali hasa, na matokeo yakawa mafuriko: aliongoza orodha ya madume kwa fedha walizoshinda watoto wao miaka 13 mfululizo, 1995 hadi 2007, akiwa ameshakufa tangu 2002. Kisha binti zake wakajaa nchi nzima, nao hawakuweza kupelekwa kwa wanawe. King Kamehameha, bingwa wa Derby ya Japani 2004 asiye na tone la Sunday Silence, akawa mlango wa kutokea. Vizazi vikasogea, na Sunday Silence akaanza kurudi kwa mbali kidogo: Daring Tact, aliyechukua mataji yote matatu ya majike 2020 bila kushindwa, ni 4×3 kwake. Efforia, bingwa wa Arima Kinen, mbio kubwa za Japani, 2021, ni 4×3 vile vile.

Soma mfululizo huo kwa utaratibu. Damu ya mbali ilikuja kwanza, ikaleta nguvu. Ikatawala. Ikahitaji damu nyingine ya mbali ili iweze kuendelea. Halafu tu ndipo ikarudiwa kwa umbali wa kadiri. Swali la "karibu au mbali" likiulizwa kwa ndoa moja halina jibu. Linajibika ukiuliza mtoto atakayezaliwa atapandishwa kwa nani, na kama huyo mwenza yupo.

Nimeandika pia hali ndogo ya kuanzia kwa wachezaji wa kwetu: kundi dogo lililojifunga, kwa mfano wa Kenya. Mbio za farasi zipo Ngong, Nairobi, na farasi wanazalishwa nchini humo humo, lakini wachache. Juu ya hapo kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao pundamilia wanabeba virusi vyake bila kuugua. Nchi nyingi zina masharti makali kwa farasi wanaotoka maeneo yenye ugonjwa huo, kwa hiyo jike wa Nairobi hapelekwi Ireland kwa msimu mmoja kisha akarudi. Dume mpya lazima anunuliwe aje. Kwenye hali hiyo ya gemu, mchezaji ana nafasi ya kuagiza dume mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa, na uamuzi wa kumleta nani unakuwa mzito kuliko mbio zenyewe. Binamu ameshaicheza hadi usiku wa manane.

20 Machi

Nimejenga zizi la majaribio kwa mbinu ninayoiamini: koo mbili ndani ya zizi moja, zisizogusana. Ukoo wa Kusi unazalishwa kwa ukaribu wa kadiri, 3×4 na 4×4, kumzunguka jike mmoja mwenye pumzi ya ajabu. Ukoo wa Kaskazi vivyo hivyo, kwa kasi. Kila kizazi walio na kasoro wanaondolewa kwenye uzazi, bila kujali ushindi wao. Baada ya vizazi vichache, koo zote mbili zina jeni nyingi zinazolingana na mabovu machache. Hapo ndipo dume wa Kusi anapelekwa kwa jike wa Kaskazi.

Watoto wa ndoa hiyo ndio bora niliowaona kwenye gemu hii mpaka leo. F yao inarudi sifuri kwa kishindo, maana koo hazina mzee wa pamoja, na jeni fichu za upande huu zinafunikwa na upande ule. Na kwa kuwa wazazi wote wanatoa kile kile, watoto wanafanana kwa ubora. Kizuizi ni kimoja: watoto hao wakipandishwa wao kwa wao, kila kitu kinatawanyika tena. Kwa hiyo koo mbili lazima zilindwe hata msimu ambao hazina bingwa, na hiyo ni gharama.

Gharama hiyo ndiyo iliyomshinda mtu kama Boussac. Biashara yake ya vitambaa ilianguka, na 1978 farasi wake wakanunuliwa na Aga Khan wa nne, Prince Karim, yule ambaye miaka yake ya utotoni aliiishi Nairobi na ambaye jina lake lipo kwenye hospitali za Nairobi na Dar es Salaam. Miongoni mwa majike aliowapata alikuwamo Delsy. Akampeleka kwa dume wa nje ya himaya ile, Shirley Heights, mshindi wa Derby ya Epsom 1978. Akazaliwa Darshaan, ambaye 1984 alishinda Prix du Jockey Club, Derby ya Ufaransa, akimwacha Sadler's Wells wa pili. Jike wa zizi lililojifunga kwa miongo, dume wa mbali: ndiyo ndoa ile ile ninayoiona kwenye skrini yangu.

2 Aprili

Toleo la kuwapa wengine liko karibu. Skrini ya kupandisha sasa inaonyesha vitu vinne kabla mchezaji hajabonyeza: F ya mtoto kwa vizazi vitano, njia zote zilizoijenga pamoja na majina ya majike, makadirio ya mtawanyiko wa watoto, na idadi ya madume waliobaki duniani ambao mtoto huyo ataweza kupandishwa kwao bila kuvuka asilimia 3. Hicho cha nne ndicho nilichokihangaikia zaidi, na ndicho binamu anachokiangalia kwanza siku hizi.

Kikomo cha majike kwa dume nimekiweka kuwa chaguo la mchezaji mwanzoni mwa dunia: kiwepo au kisiwepo. Wiki hii naandika wafugaji wa kompyuta wa aina ya pili, wanaoangalia nasaba kabla ya ushindi, niwaweke dunia moja na wale wa kwanza. Kazi iliyobaki hapo ni bei za madume: mfugaji wa kompyuta lazima awe tayari kumlipia zaidi dume wa wastani asiye na undugu na majike wake, na bado sijaridhika na namna anavyoamua amlipie kiasi gani.